Ombi la Kurudishwa Kwao Perege wa Lumuma

Kijiji cha Ujamaa Tushikamane,
Njia ya Mikumi,
Kilosa.
11 Machi, 1975

Ndugu Nikolaus, Bwana Samaki,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila moyo umechafuka kwa ajili ya samaki. Mimi ni Rafaeli Lukasi, katibu wa Kamati Ndogo ya Tangi, yule mzee wa kofia ya sufu uliyemshikisha ndoo ulipotutembelea mwezi wa Januari.

Tangi lenyewe unalifahamu. Ni lile la kioo lililoachwa na meneja wa zamani wa shamba la mkonge, tulilopewa pamoja na viti vinne visivyo na migongo. Mwenyekiti wetu, Ndugu Marko, aliagiza liwekwe ofisini, ili wageni wanaokwenda Mikumi kutazama tembo washuke kwanza watazame samaki wanaoishi kijamaa. Kila kundi likaleta samaki wa kwao. Wenzetu wa Kisanga walileta kambale, na sisi tuliohamishwa kutoka Lumuma tukaleta perege wawili, dume na jike, wapate kuzaana.

Ulitufundisha vizuri mno siku ile. Ulisema samaki wa mbegu hachaguliwi kwa sura. Kwanza hupimwa maji, kisha huangaliwa kama samaki huyo anayapenda maji hayo, kama hataharibu majani yaliyopandwa, na kama ataishi na wenzake bila kuwala watoto wao. Ukatia matone ya dawa kwenye kichupa, ukatangaza kwamba maji yetu ni magumu. Wake zetu walikuwa wameshajua, maana sabuni huku husuguliwa mpaka ikaisha bila kutoa povu, na birika langu lina ukoko mweupe ndani kama limepakwa chokaa. Hata hivyo ulisema perege watayaweza. Kwa heshima zote, Ndugu, hawajayaweza, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ulituagiza tuwazoeshe polepole: kikombe kimoja cha maji ya hapa ndani ya ndoo yao, kusubiri, kisha kikombe kingine, hadi adhuhuri. Niliinamia ndoo ile mpaka kiuno kikakatika. Sisi wenyewe, Novemba iliyopita, tulipakiwa kwenye lori pamoja na kuku na milango ya nyumba zetu, tukashushwa hapa siku hiyohiyo. Hakuna aliyetutilia kikombe kwanza. Silalamiki kwa hilo. Nalitaja ili uone kwamba perege walipewa kila upendeleo na bado hawakuridhika.

2. Dume amekuwa mweusi kwa hasira. Tangu mwezi uliopita anachimba shimo katikati ya mchanga, anabeba changarawe kwa mdomo na kuitema kwenye kona ya kambale. Majani yote ya mtoni, ambayo yalipandwa kwa azimio la mkutano, ameyang'oa, yanaelea juu. Ndugu Marko alimwonya kwa kugonga kioo mara tatu. Alichimba zaidi. Baada ya majadiliano marefu, kamati imeamua kwamba shimo hilo ni shamba la binafsi.

3. Kambale amewala dagaa wote walioletwa na Mzee Melkizedek. Sasa anamiliki nusu ya tangi peke yake na muda mwingi amelala. Watoto wa shule wamempa jina la cheo fulani hapa kijijini, ambalo sitaliandika. Namtaja tu kwa sababu yeye hakupimwa chochote siku ya kuchaguliwa. Alichaguliwa kwa kuwa ni mkubwa.

4. Huyu jike ndiye anayenikosesha raha kabisa. Wiki ya pili hii amefunga mdomo. Mashavu yamemfura. Nimempa pumba, nimempa kumbikumbi, nimempa hata ugali kutoka sahani yangu. Anautazama, kisha anageuka na kujificha nyuma ya jiwe. Ndugu Marko ameandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ni mgomo wa chakula. Wageni wanafika Jumatatu, naye amesema jike asipofungua mdomo kabla ya hapo, atakaangwa Jumamosi ili asiwafundishe wengine.

5. Kuna kiumbe mwingine wa Lumuma aliyefunga mdomo, naye ni mke wangu, Magreti. Tangu tuteremke kwenye lori hajaniambia neno lisilo la lazima. Ananijulisha kwamba chakula kipo au kwamba sabuni imekwisha, basi. Mbegu za maharage alizotoka nazo nyumbani bado zimefungwa kwenye pindo la kanga. Hataki kuzitia katika udongo huu. Na ana haki, Ndugu. Katika ule mkutano wa kwetu, walipouliza nani yuko tayari kuhama, mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Shule ya misheni ilinizoesha vibaya: ninyooshe mkono kabla ya mwenzangu, hata swali likiwa halijaisha. Swali lilipoisha nikaona aibu kuushusha. Tumeoana miaka thelathini na mmoja, na sasa namsikia akizungumza na kuku tu. Inaniuma sana.

6. Kwa hiyo sioni tofauti kati ya kesi hizi mbili. Kama samaki wa mbegu hawezi kuzaana katika maji yasiyomfaa, basi na mke hawezi kuzungumza katika maji hayohayo. Naomba, wewe kama mtaalamu, uandike barua yenye mhuri isemayo kwamba maji ya Tushikamane hayawafai viumbe waliotoka Lumuma, na kwamba warudishwe walikotoka kabla ya Pasaka. Neno "samaki" si lazima litajwe. Usitaje pia mapezi wala magamba, kwa sababu Magreti hana, na wakaguzi wanaweza kutukwamisha njiani. Kwenye orodha weka perege wawili, mzee mmoja, mke mmoja, kuku saba na mlango mmoja. Kama lori ni dogo, mlango ubaki.

Nisalimie mama yako, na wote mnaofanya nao kazi hapo ofisini, hasa yule mpiga chapa aliyeandika jina langu bila kukosea. Wa hapa wote wanakusalimu, isipokuwa wale wawili waliofunga midomo.

Wako katika kazi na katika shida,

Rafaeli Lukasi
Katibu, Kamati Ndogo ya Tangi

Tanbihi: Barua hii ilikuwa ikisubiri basi la Kilosa. Leo ni Jumamosi. Asubuhi Ndugu Marko alifika ofisini na kikaango chake mwenyewe. Ilikuwa zamu ya Magreti kufagia. Alisimama mbele ya tangi na ufagio mkononi, akaniita kwa jina langu, akanieleza kwamba wanaume wa kamati hatuna macho: jike hakugoma, amebeba wanawe mdomoni, na lile shimo lilikuwa kitanda chao. Wakati huohuo jike akafungua mdomo, wakatoka vitoto vingi kama ulezi uliomwagika. Kambale alipogeuka tu, wote wakarudi mdomoni na mlango ukafungwa. Ndugu Marko ameufuta mgomo kwenye kumbukumbu na kuandika "ongezeko la uzalishaji". Kwa hiyo maji haya hayana neno. Futa namba moja, mbili na nne.

Kuhusu namba tano: Magreti alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikalia kidogo, sikuona haya. Mchana amefungua pindo la kanga, akaniomba jembe. Nimemwuliza kama bado anataka kurudi Lumuma. Amesema anataka sana, lakini si kabla ya maharage kukomaa. Basi barua ya mhuri iandike kwa ajili ya kambale peke yake. Sisi tungojee mpaka Juni.