Nyungunyungu Wanastahili Chumba Chenye Jua

Jumatatu, 8 Julai

Kikao cha kitivo. Baridi ya kukata masikio. Mkuu wetu, Profesa Andrianaly, kaja na skafu mbili shingoni na habari moja kubwa: chuo kitafungua milango kwa wananchi Jumamosi ya tarehe 20. Kila mtafiti asimame uwanjani aeleze kazi yake kwa maneno ya watu. Wananchi, alisema, wamechoka kutulisha bila kujua tunapika nini humu ndani. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza chumba.

Maana kipo chumba. Kile cha juu. Dirisha linatazama kaskazini, jua linaingia asubuhi na halitoki mpaka jioni. Sasa hivi mimi na Daktari Haingo Razanadrabe tunabanana chumba cha chini, ukuta umeota kuvu. Upande huu masanduku yangu ya nyungunyungu, upande ule matangi yake ya samaki wa mashamba ya mpunga. Samaki wake wanavumilia baridi. Nyungunyungu wangu wanakufa. Julai iliyopita nilipoteza nusu. Wakifa tena mwaka huu, kazi yangu yote ndiyo basi. Naandika haya na roho inaniuma.

Mkuu akasema chumba cha juu atapewa yule ambaye wananchi watatoka wakimkumbuka. Yeye mwenyewe atasimama getini na kuwauliza wanaoondoka: leo umejifunza nini? Hakuna kura, hakuna kamati.

Tulipotoka Haingo akaniambia, "Njaka, akipata yeyote kati yetu, itakuwa nafuu kwa wote wawili." Sauti laini kabisa. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 9 Julai

Jaribio la kwanza, mezani kwangu. Wasikilizaji: mke wangu Bodo, mama mkwe, binti yetu Faniry. Nikaeleza kwamba mkulima asichome majani ya mpunga baada ya kuvuna. Ayaache shambani. Nyungunyungu watayala, udongo utashiba, mpunga utanenepa. Wazi kama mchana!

Nilianza na historia ya uainishaji wa nyungunyungu. Wali ukapoa. Mama mkwe akauliza kama wanalika. Nikasema hapana. Akauliza basi tunazungumzia nini wakati wa chakula. Bodo akamimina maji ya moto ya ukoko wa wali na kuniambia, kwa upole wake ule ninaouogopa, "Baba Faniry, wewe unajua mambo, lakini kusema hujui."

Nimeudhika. Lakini neno lake limenipa wazo.

Alhamisi, 11 Julai

Wazo ni hili. Kama sijui kusema, nitamtafuta anayejua! Watu wetu wa nyanda za juu hawaendi kusikiliza mihadhara. Wanakwenda kusikiliza hira gasy. Watasimama juani kutwa nzima, makundi mawili yashindane kwa hotuba, ngoma na nyimbo, na hakuna atakayelalamika miguu. Basi mimi nitaleta msemaji wa hira gasy. Atapanda jukwaani badala yangu, na nyungunyungu wataingia vichwani mwa watu kwa ngoma.

Nimempata. Mzee Rainizafy, upande wa Ambatolampy. Watu wanasema akihubiri msibani, hata marehemu anatamani kuamka ajibu. Hataki fedha. Anataka bata bukini mnene. Bodo anao watano. Hatagundua mmoja.

Ijumaa, 12 Julai

Amegundua.

Jumamosi, 13 Julai

Ambatolampy, kwa Mzee Rainizafy. Nilimkabidhi bata, naye akampapasa kifua na kuridhika. Kisha nikamfundisha nyungunyungu. Mwanafunzi bora kama huyo sijapata kuona. Baada ya kikombe kimoja cha kahawa alikuwa anaeleza kazi yangu vizuri kuliko mimi, tena na mizaha. Alisema nyungunyungu ni ng'ombe wa chini ya ardhi, analima bila kupigwa fimbo. Nilitaka kumkumbatia.

Tatizo moja. Kila msemaji amepewa robo saa, na Mkuu atakuwa na kengele. Sasa, wasemaji hawa hawawezi kufungua mdomo bila kuomba radhi kwanza. Radhi kwa wazee, kwamba kuna wakubwa na wewe ndiye unasema. Radhi kwa wadogo. Radhi kwa waliotangulia. Radhi hiyo peke yake inaweza kumaliza asubuhi. Nikamwambia Mzee waziwazi: safari hii radhi tuiache. Aanze moja kwa moja na nyungunyungu.

Mkewe aliyekuwa anapepeta mchele akasimamisha ungo. Mzee akaweka kikombe chini. Akauliza, mwanangu, una hakika? Nikasema nina hakika, hii ni sayansi. Akasema sawa. Atafanya nilivyotaka, hataomba radhi.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Bodo hasemi nami.

Jumatatu, 15 Julai

Ratiba. Mimi na Haingo tumewekwa pamoja, mmoja baada ya mwingine. Nani aanze? Nikamfuata Haingo na hila yangu tayari. Nikamwambia jua la saa sita litamchoma, yeye ana ngozi laini, afadhali mimi nijitolee kuanza na yeye afuate mawingu yakishatanda. Akaniuliza kama kweli nataka kuanza. Nikasema kweli. Akasema, "Haya, anza wewe."

Kirahisi hivyo! Watu watanisikia wakiwa hawajachoka. Haingo atawakuta wanatafuta kivuli. Nilimpigia simu Mzee Rainizafy kumpa habari njema. Akasema kwamba katika hira gasy hakuna anayegombea kuanza, maana anayeanza hujibiwa, na anayejibu ndiye watu wanaondoka naye. Nikamkumbusha kwamba huku ni chuo kikuu. Akasema, "Aa, haya, Daktari."

Alhamisi, 18 Julai

Barafu kwenye majani asubuhi. Nilikimbia chumba cha chini kabla ya chai. Sanduku la pembeni kabisa, lile la nyungunyungu wa milimani, limekufa lote. Nilikaa sakafuni. Haingo alikuwa ameshafika. Alikuwa amevua shuka lake la mabegani na kufunika masanduku mengine, mwenyewe anatetemeka karibu na matangi. Nikamshukuru kwa kifupi. Bila shaka anataka nimwonee huruma Jumamosi.

Sasa lazima nishinde. Nimekwenda kwa mama mkwe. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa, na akina mama wale wakisema kitu kwa pamoja, hata mchungaji hubadilisha wimbo. Nimemwomba aje nao Jumamosi. Wakifika getini na Mkuu akiwauliza wamejifunza nini, waseme neno moja tu. Nyungunyungu. Akauliza kama huko si kudanganya. Nikasema si kudanganya, maana watakuwa wamejifunza kweli, ni vile tu tunajibu mapema.

Amekubali, kwa sharti kwamba nitamnunulia Bodo bata mwingine.

Jumamosi, 20 Julai

Nitaandika yote.

Watu! Uwanja ulijaa mpaka ukutani. Kofia za ukili kila mahali, watoto mabegani, wauza mkate wa mchele. Mzee Rainizafy kapanda jukwaani na koti lake jekundu, ngoma nyuma yake. Mimi nilisimama pembeni kwa tai mpya. Mkuu akapiga kengele.

Mzee akavua kofia. Kisha akasema:

"Jamani, leo nimeambiwa nisiombe radhi."

Uwanja mzima ukaguna. Mwanamke mmoja akasema loo, kwa sauti.

Mzee akasema yeye ni mtu wa kutii, ameahidi, na hataomba radhi. Lakini je, mtu na akili zake anaweza kusimama mbele ya wakubwa bila kuomba radhi, halafu asiombe radhi kwa kutoomba radhi? Watu wakajibu kwamba hawezi! Basi akaanza. Aliwaomba radhi wazee kwa kuwa hatawaomba radhi. Aliwaomba radhi akina mama. Kifungua mimba wa kila nyumba, kisha kitinda mimba. Waliosimama nyuma wasiosikia, kwa kuwa hawakusikia kwamba hawakuombwa radhi. Waliobaki nyumbani kupika. Waliolala makaburini, hawa walichukua muda. Kila mara watu wakapaza sauti: "Umesamehewa!" Ngoma ikajibu. Sarafu zikaanza kurushwa jukwaani. Mkuu wa Kitivo alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa skafu.

Nikamwonyesha ishara. Nikachezesha kidole, kama nyungunyungu anavyokwenda. Aliniona! Akawageukia watu na kuwaomba radhi kwa niaba ya daktari yule pale, ambaye anaumwa kidole.

Kengele.

Hakutaja nyungunyungu hata mmoja. Hata mmoja!

Watu walimpigia makofi mpaka nikadhani paa la maabara litatoka. Mzee akashuka, akanishika bega, akaniambia kwamba ingekuwa radhi ya kawaida, angemaliza mapema sana.

Kisha Haingo akapanda. Peke yake, bila ngoma, na gumboti zake za shambani. Nikajua nimekwisha. Atawakaangia samaki, na chumba kitakwenda. Akasema kwanza anaipokea radhi ya Mzee, na ya daktari mwenye kidole pia. Kicheko. Akaomba na yeye radhi, kwa pumzi moja. Halafu akauliza watu kama wanajua kidole kile kilikuwa kinasema nini.

Akaeleza nyungunyungu. Wangu! Alisema samaki wake hawanenepi kwenye kila shamba. Alihangaika kujua kwa nini, mpaka alipochoka kusikia kelele za jirani yake wa chumba cha chini akaamua kumsikiliza. Samaki wananenepa kwenye mashamba ambayo hayajachomwa majani, kwa sababu tope lake lina uhai, na uhai huo umeanza na nyungunyungu. Mkulima akiacha majani, analisha nyungunyungu, nyungunyungu wanalisha udongo, udongo unalisha mpunga, na samaki wanapata chao. Mwanamume mmoja akauliza, "Na panya je, dada? Majani si yataleta panya?" Haingo akanitazama mimi nijibu. Nikajibu. Nadhani nilijibu vizuri. Nilisema wayazike majani kidogo kwa jembe badala ya kuyaacha lundo, na yule bwana akasema hapo nimeelewa. Mwingine akauliza, na mwingine. Haingo hakufika kwenye matangi yake kabisa. Kengele ikalia na watu bado wanauliza.

Getini. Mkuu kasimama, mimi nyuma ya nguzo. Mama mkwe akawa wa kwanza, akina mama wote nyuma yake na mashuka yao meupe. Mkuu akamuuliza mama, umejifunza nini leo? Mama mkwe akanyooka. Akasema, "Mkwe wangu aliniambia niseme nyungunyungu."

Nilitamani ardhi itumeze, mimi na hao nyungunyungu.

Mkuu akauliza, na wewe mwenyewe, mama? Akasema yeye mwenyewe amejifunza kwamba hatachoma tena majani shambani kwake, yule dada wa samaki amemweleza vizuri, mkwe wake anajaribu tangu mwaka aliomwoa Bodo na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuelewa. Akina mama wakaitikia amina. Na wote waliofuata, wake kwa waume, hivyohivyo. Majani. Udongo. Yule dada.

Chumba amepewa Haingo.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda kanisani. Kichwa. Nyungunyungu wangu watakufa na kazi yangu itakufa nao. Nililia kidogo jikoni, Bodo akaniona. Akasahau bata akanipa kahawa.

Mchana Haingo akaja na ndizi za kukaanga, tukamkaribisha mezani. Akasema chumba cha juu ni kipana. Pembe ya dirishani, inayopata jua lote, ni ya masanduku yangu. Matangi yatakaa ukutani, samaki hawahitaji jua kihivyo. Alikuwa ameamua hivyo tangu Jumatatu ile ya kikao, akasema, na alidhani ameniambia.

Bodo aliniminya mguu chini ya meza. Nikasema asante.

Bodo anasema nimshukuru vizuri, kwa maneno kamili, na nimwambie samahani kwa hila zangu. Nimesema nitalifikiria.

Jumatano, 24 Julai

Tumehama. Jua juu ya masanduku yote. Nikifunua vifuniko, nyungunyungu wamepanda wenyewe karibu na juu, wanene, wanang'aa. Wakulima kumi na kitu wamepiga simu chuoni kuuliza habari za majani. Nilikaa nikiwatazama nyungunyungu wangu na nilikuwa na furaha, sikatai.

Lakini kuanzia saa tisa, tangi la kwanza la Haingo linatupa kivuli kwenye sanduku la mwisho. Chembamba, upana wa kiganja. Ndivyo wanavyoanza! Leo kiganja, kesho dirisha zima. Nimeamua kumwandikia Mkuu barua ya kudai chumba kiwe changu peke yangu, kwa kuwa kila alichojifunza mwananchi siku ile ni kazi yangu.

Nimejaribu mara tatu, haieleweki. Mwishowe nimemwomba Haingo aniandikie, yeye ana lugha nzuri. Ameniangalia, akaenda kulisha samaki.

Ana wivu mbaya sana yule.