Mitaro Kumi na Miwili ya Rufaa

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Mumbuni.

Barua imefika. Imetoka kwa kamati ya elimu ya kanisa letu la Kathiani, wanaonilipia karo ya diploma. Ina mihuri miwili. Dalili mbaya. Habari njema hazina haja ya muhuri.

Wanasema mfadhiliwa lazima apite theluthi mbili ya masomo aliyosajili. Nilisajili sita, nikapita matatu. Ufadhili umesimamishwa. Nina njia mbili tu za kuurudisha: nirudie mtihani wa Takwimu tarehe 15 na nipite, au nikate rufaa nikithibitisha kwamba nilipatwa na jambo lililo nje ya uwezo wangu.

Bila ufadhili, chuo kwaheri. Nitarudi Kathiani kuchunga mbuzi wa Susu, nyanya yangu aliyenilea. Naye amekwisha kutangaza kanisani kwamba Masila atakuwa wa kwanza kwenye ukoo kuvaa joho. Alisimama kabisa kutangaza. Siwezi kumwambia akae.

Nimepiga hesabu. Takwimu ni sura tisa. Rufaa ni ukurasa mmoja. Nimechagua rufaa.

Jumanne, 5 Agosti

Natafuta msiba. Nimepitia muhula mzima, Mei hadi Julai, siku baada ya siku. Hakuna! Sikuumwa hata jino. Nilikula vizuri, nililala vizuri, nilikuwa bingwa wa drafti wa Mumbuni yote. Sijawahi kusikitishwa na afya yangu namna hii.

Ndeti amepita kuniona. Anaishi mlango wa pili, kanisa letu moja, ufadhili wetu mmoja, na Takwimu imemwangusha pia. Yeye anarudia mtihani. Hana ubunifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa wewe Masila, si usome tu?" Ameniachia nakala ya daftari lake. Nimeiweka chini ya mguu wa meza. Meza imetulia.

Jumatano, 6 Agosti. Kathiani.

Nimekuja kumwomba Susu Munyiva awe mgonjwa. Si sana. Awe alikuwa mgonjwa kidogo, mwezi wa tano mpaka wa saba, nami nikawa namuuguza na kumfanyia kazi ya shamba. Ana miaka themanini na moja, nani atashangaa?

Amekataa. Alisema ugonjwa hauitwi kwa jina, husikia. Kisha akabeba mtungi wa lita ishirini kutoka kisimani, akanipita mlimani. Mimi nilikuwa nimebeba mwavuli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemuuguza Susu hivyo hivyo, kwa maandishi. Barua imeingia ofisini kwa kamati asubuhi ya leo. Nimeeleza kwamba kila Jumanne, Jumanne kumi na mbili, nilikosa darasa kwa sababu nilikwenda kwenye mwethya badala ya nyanya yangu, aliyekuwa hoi kitandani. Nilipofika kwenye "hoi" nililia kidogo mwenyewe.

Mwethya ni wazo la kipaji. Kikundi cha kazi: Jumanne hii wote wanachimba mitaro kwa huyu, Jumanne ijayo kwa yule. Nani atampinga kijana anayezuia mmomonyoko wa udongo?

Katibu wa kamati ni Mwalimu Mbithe, mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua. Alisoma mara mbili. Akasema ni jambo la kusifiwa sana. Akasema nilete daftari la mahudhurio la mwethya kwenye kikao cha tarehe 19.

Kuna daftari!

Jumamosi, 9 Agosti. Kathiani.

Nimemwona Ndila, mwenyekiti wa mwethya. Nilimweleza kwa upole kwamba jina langu huenda lilisahaulika. Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Daftari lake haliandiki mtu ambaye jembe lake halikuonekana.

Lakini kumbe kuna sheria. Anayejiunga katikati ya msimu hulipa siku alizokosa. Akishachimba sehemu yake, jina lake huandikwa kwenye kila tarehe aliyolipa, kana kwamba alikuwepo. Kila siku ni mtaro wa hatua kumi, kina mpaka magotini. Siku zangu ni kumi na mbili. Nimekubali papo hapo. Nilitaka kumkumbatia.

Nimeanza leo leo. Mtaro huu ni wa fanya juu, yaani udongo unautupa upande wa juu wa mteremko. Nimetupa wa asubuhi yote upande wa chini. Ndila amenifanya niurudishe wote juu, koleo kwa koleo. Hatua tisa mpaka jioni.

Jumanne, 12 Agosti

Viganja vimetoka malengelenge. Sijali. Nikisema nimesema.

Jumamosi hatua tisa, jana kumi na nne, leo kumi na tatu. Jumla thelathini na sita, wastani kumi na mbili kwa siku. Zimebaki themanini na nne. Kwa wastani huo ningehitaji siku saba, na siku za kazi nilizo nazo ni tano. Kwa hiyo kuanzia kesho ni hatua kumi na saba kila siku, hakuna kupumzika. Hesabu hizi nilizichora kwenye udongo kwa mpini wa jembe.

Susu huniletea uji saa nne. Ameniuliza kwa nini ghafla napenda kuchimba. Nikasema ni mapenzi ya ardhi. Alichukua jembe langu na kunionyesha namna ya kulishika. Alichimba hatua mbili akinionyesha. Nimezihesabu kuwa zangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo Ndeti alikuwa kwenye chumba cha mtihani. Mimi nilikuwa ndani ya mtaro wa tisa, jua la saa saba utosini, nikikutana na mwamba. Sikumwonea wivu. Namaanisha sikumwonea sana.

Alinipigia jioni. Anaona amepita. Eti swali kubwa lilikuwa hili: umepewa kazi ya siku tatu za kwanza, tafuta wastani, kisha ukadirie siku za kumaliza kazi iliyobaki. Alama thelathini! Swali la watoto. Ningelijibu nimefumba macho. Watu wengine wana bahati tu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemaliza! Hatua mia moja na ishirini. Ndila alipima mwenyewe kwa miguu yake mifupi, nikashukuru Mungu kwa miguu hiyo. Kisha akafungua daftari na kuandika jina langu mara kumi na mbili, Masila, Masila, Masila, kwa wino wa buluu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuichimba.

Nimemwomba Ndila alete daftari kwenye kikao kesho, kwa mkono wake, ili lisionekane limepita kwangu. Amekubali.

Jumanne, 19 Agosti

Nitaandika yote, maana hakuna mwingine atakayesoma hapa.

Kamati ilikaa saa tatu asubuhi, watu watano na chupa ya chai. Nilieleza ugonjwa wa Susu. Nilieleza vizuri mno, mwenyekiti wa kamati alitoa leso. Mwalimu Mbithe akauliza kuhusu daftari. Nikasema liko njiani.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Susu Munyiva, viatu vyekundu kwa vumbi, daftari kichwani limefungwa kwa kanga. Ndila alikuwa na mgeni. Susu alikuwa anapita huku, akaona amsaidie. Umbali ni kilomita saba. Alikataa kiti.

Mwalimu Mbithe alimsalimu, akampa pole ya ugonjwa. Susu akauliza ugonjwa gani. Mwalimu akafungua daftari, akalisoma kwa sauti, tarehe kwa tarehe. Masila, yupo. Munyiva, yupo, kidole gumba. Masila, yupo. Munyiva, yupo, kidole gumba. Mara kumi na mbili! Sikuwa nimetazama jina lolote ila langu.

Wakacheka. Mwalimu Mbithe hakucheka. Alivua miwani akaniuliza kama nina la kusema. Niliona aibu mpaka masikio yakauma, si kwa ajili yao, kwa ajili ya Susu, aliyekuwa bado amesimama hapo anatafuta uso wangu.

Kisha akaongea yeye. "Mimi sijaugua tangu huyu hajazaliwa. Na darasa alikosa, nimesikia sasa. Lakini hii mitaro alichimba yeye, niliona na macho yangu, na kuna mwamba huko. Mtu anaweza chimba hivyo juu ya uwongo, kitabu itamshinda aje? Mpeeni muhula moja. Akianguka, mimi mwenyewe nitamleta nyumbani kwa mbuzi."

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye ngazi. Susu akanipa nusu ya kiazi chake. Hapo ndipo nililia kweli.

Uamuzi: rufaa imekataliwa kwa sababu nilizoandika, imekubaliwa kwa sababu alizosema nyanya. Muhula mmoja chini ya uangalizi. Nipite angalau masomo manne kati ya sita, na nisikose darasa la Takwimu bila sababu ya kweli. Nimemwahidi Susu. Nimeapa. Mimi sasa ni mtu mwingine.

Jumatatu, 1 Septemba. Mumbuni.

Muhula umeanza. Takwimu saa mbili asubuhi. Niliamka saa kumi na moja, nimedhamiria, nimenyoosha shati. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Mgongo! Nikabaki nimeinama dakika nzima. Mitaro ile imenivunja. Maumivu halisi, ya kweli, yaliyo nje ya uwezo wangu kabisa. Nilikaa kitandani nikatabasamu peke yangu. Mwezi mzima nilitafuta tatizo, na sasa ninalo langu mwenyewe, halihitaji shahidi wa miaka themanini.

Ndeti alibisha mlango twende darasani. Nikamwambia atangulie, mimi nina jambo la masomo la kushughulikia.

Saa tatu nilikuwa kwenye foleni ya zahanati. Daktari alinibonyeza huku na huku. Akasema misuli imechoka tu, nitapona kwa siku mbili, na hakuna kinachonizuia kukaa darasani. Nikamwomba aandike barua hata hivyo. Sehemu ya uchovu tu, aache ile ya kukaa darasani. Na tarehe aiache wazi, nitaijaza nikijua ni lini nimefeli.