Maili Elfu Moja Hadi Kiti cha Dessie

Jumapili, 27 Aprili

Nimeamua. Nitakwenda kwenye mahafali ya Dessie kwa pikipiki. Kutoka kambi hii ya mafuta nje ya Midland, Texas, hadi nyumbani Gadsden, Alabama. Maili elfu moja na thelathini. Ndani ya saa ishirini na nne!

Kuna chama cha waendesha mbali, kinampa cheti kila anayemaliza maili elfu kwa siku moja. Royce Tidmore, wa kitanda kinachotazamana na changu, anacho. Amekitia fremu. Kila nikiamka, kitu cha kwanza kuona ni cheti cha Royce. Cha pili ni miguu ya Royce.

Nimempigia binti yangu. Anamaliza uuguzi Jumamosi tarehe kumi, saa tisa mchana. Kila mhitimu anapewa viti viwili vya wageni. Kimoja cha mama yake. Cha pili ni changu, au cha Gaylon, mume wa mama yake, muuza magodoro. Dessie akasema nimpe ukweli, siyo maneno matamu, maana mahafali ya sekondari nilisema naja nikaishia kwenye bomba lililopasuka. Gaylon hufika nusu saa kabla. Nikamwambia aandike Odell Crumpton kwenye kiti. Kisha akasema haya, baba, nimeandika.

Sijawahi kuendesha zaidi ya maili tisini kwa siku.

Jumanne, 29 Aprili

Nyapara amenipa ruhusa kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Kambi nzima inasema panda ndege. Bi Earline, mpishi wetu, amesema kuna ndege ya Ijumaa jioni, nitalala Alabama kitandani kama binadamu. Nikamweleza kwamba kwa ndege hata Gaylon anafika. Gaylon ana gari lenye viti vinavyopasha makalio joto. Mtu wa ndege amefika tu. Mtu wa pikipiki amekuja.

Akanimwagia mchuzi mweupe juu ya vimkate vyangu. Akasema, "Odell mwanangu, mtoto hataki shujaa. Anataka mtu wa kumpigia makofi."

Nikaendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa.

Ijumaa, 2 Mei

Royce anasema waendesha mbali wa kweli hawasimami kukojoa. Wanavaa mrija. Sijui kama alikuwa ananitania. Nimetengeneza wangu kwa mpira wa karakana, kutoka panapohusika hadi kwenye kifundo cha mguu. Kazi safi. Nikatoka kuujaribu barabara kuu.

Kwa maili sitini kwa saa, upepo hauteremki. Unapanda! Hakuna aliyeniambia.

Nimerudi nimelowa hadi kifuani. Nikamwambia Bi Earline nimekutana na mvua. Hapa haijanyesha tangu Februari. Akatazama mbingu, akatazama suruali yangu, akasema hiyo ni mvua ya mtu mmoja.

Jumapili, 4 Mei

Mazoezi makubwa. Abilene na kurudi, maili mia tatu. Waendesha mbali hutandika ngozi ya kondoo juu ya kiti, makalio yapumue. Zile za dukani bei ya kunyonga mtu. Nikanunua ya mfugaji mmoja huku nyuma. Bado mbichi kidogo. Kufika Sweetwater, mbwa wawili wakanifuata. Kutoka Sweetwater walikuwa watano.

Kituo cha mafuta cha Abilene nikasimama, nikashusha mguu. Mguu haukuwepo! Ulikuwa umekufa ganzi saa nzima. Tukaanguka wote wawili, mimi na pikipiki, polepole kama mti. Mama mmoja akaja mbio, mzee, umeumia? Nikasema nakagua magurudumu. Akasema haya, ila kwa kawaida mtu huyakagua pikipiki ikiwa imesimama.

Nimerudi nimejikunja kama sindano ya viatu. Royce na mwenzake wamenibeba kuniingiza chumbani, mkao uleule.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimefanya jambo la akili. Ushahidi wa safari ni risiti za mafuta. Kila kituo, risiti yenye mji, tarehe na saa. Huna risiti, hukwenda. Wengine upepo umewapokonya, wengine mvua imewalowesha. Mimi ni mchomeaji vyuma miaka thelathini! Nimechomelea sanduku la chuma, lina kifuniko na kufuli, nimelifunga kwa bolti ubavuni mwa injini, mkono unafika bila kushuka. Nimeandika DESSIE kwa rangi nyeupe.

Royce kalizunguka mara mbili. Akauliza mbona pale, pale si kama kikaango? Nikamwambia chuma hakiungui. Akafungua mdomo, akaufunga. Yeye risiti zake alizibeba kwenye mfuko wa nailoni kifuani, kama bibi anayeficha nauli.

Wivu mbaya sana.

Alhamisi, 8 Mei

Gaylon kapiga simu. Kwa adabu! Hilo ndilo linaloniudhi. Amesema atakuwa nje ya ukumbi na suti yake, kama nitachelewa ataingia yeye, kama nitafika atabaki kwenye gari, wala hana kinyongo. Anafanya kwa ajili ya mtoto tu. Nikamwambia akahesabu magodoro.

Chakula changu nikampa Royce.

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Naogopa. Siogopi malori wala barabara. Namwona Dessie anapita jukwaani, anatazama pale alipoandika jina langu, hakuna mtu. Bomba lile la mwaka ule lingeweza kuzibwa na mwingine. Nilijitolea mwenyewe, malipo yalikuwa mara mbili. Hilo sijamwambia.

Ijumaa, 9 Mei, saa saba na nusu mchana

Naondoka saa nane. Bi Earline ameombea pikipiki, ameombea malori yote ya Texas yanipishe, kisha amenipa chupa ya kahawa na kuku wa kukaanga. Royce ametia sahihi kama shahidi wa kuondoka. Halafu akatandika ngozi yake mwenyewe juu ya kiti changu, ile aliyopatia cheti. Akasema hataki nifuatwe na mbwa wa majimbo manne. Nikasema nitafikiria.

Nimeichukua.

Jumamosi, 10 Mei, saa saba na dakika arobaini mchana, maegesho ya ukumbi

Nimefika! Saa ishirini na tatu na dakika kumi!

Louisiana nilikaa kwenye meza ya kupumzikia, dakika kumi tu. Zikawa saa tatu. Nikaamshwa na mfagizi aliyekuwa anafagia kuzunguka buti zangu. Mississippi niliimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua, ziko nne. Tuscaloosa nililia, sijui kwa nini.

Nikafungua sanduku mbele ya Gaylon, makusudi. Risiti nane. Zote nyeusi! Nyeusi kama mkaa, pande zote mbili. Kumbe karatasi ile ikipata joto inageuka rangi. Hakuna mji, hakuna saa, hakuna hata ile chokoleti niliyonunua Shreveport. Nimempigia Royce. Akasema, "Odell, ndugu yangu, nilitaka kukuambia." Nyuma yake nikasikia jiko zima linacheka.

Basi, cheti hakuna.

Gaylon aliniletea maji na shati lililopigwa pasi. Saizi yangu! Akaitazama pikipiki, akauliza ni maili elfu kweli? Nikasema na thelathini. Akapiga mluzi. Ni vigumu kumchukia vizuri mtu wa namna hii. Kisha Dessie akaja mbio na joho lake, akanikumbatia na grisi yangu yote. Amenishika tu shingoni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Naingia sasa.

Jumapili, 11 Mei, saa kumi na moja na nusu asubuhi

Kile kiti kilikuwa cha kitambaa chekundu. Kina mto! Hilo hakuna aliyenionya.

Nakumbuka mkuu wa chuo akisema wageni waalikwa. Kinachofuata nakumbuka watu wanasimama, kofia zinaruka. Jina la Dessie lilikuwa limeshasomwa. Mtalaka wangu anasema alinifinya mara mbili, ya pili kwa kucha. Amerekodi yote kwa simu. Dessie anapita jukwaani, na mimi nasikika.

Ukumbi ulipobaki mtupu Dessie akaja kukaa pembeni yangu. Nikamwambia nimekosa tena. Na la bomba nikamwambia, lote, pamoja na malipo mara mbili. Akasema hilo alilijua zamani, mama yake aliona hundi. Kisha akasema, "Leo ulikuwepo, baba. Nilikuwa naogopa kutazama kiti. Nikasikia mtu anakoroma, nikajua ni wewe." Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Halafu akalia. Na mimi pia.

Nimewaza tangu jana jioni kosa lilikuwa wapi. Ni kiti. Kilikuwa laini mno. Vinginevyo mpango ulikuwa mzima kabisa.

Na kazini naingia kesho saa kumi na mbili jioni. Saa thelathini na sita na nusu kutoka sasa. Kuna cheti kikubwa zaidi, maili elfu moja na mia tano kwa saa thelathini na sita. Royce hana hicho! Nikizungukia St. Louis na Kansas City, maili zinatosha. Dessie anasema nilale kwanza, anasema hiyo ni amri ya muuguzi. Gaylon amenitandikia godoro bora la dukani kwake, nilale nitakavyo. Hila hizo!

Nilishalala saa mbili pale ukumbini. Hizo ni akiba, zitanifikisha Texas.