Kaimu Mkaguzi Huru

Jumatatu, 3 Machi

Rais amewafukuza wakaguzi huru wa wizara zote. Wote! Redio imetangaza asubuhi, katikati ya bei ya mafuta na hali ya hewa. Sababu: hana tena imani nao. Halafu manyunyu yanatarajiwa.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikajikata kidevu kwa furaha. Naandika furaha kwa kuwa hii ni shajara yangu na mke wangu haisomi. Mkaguzi Huru wa wizara yetu, Wizara ya Maji, ni dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Mimi ni msaidizi wa afisa uhusiano. Meza yangu imeegemea ukuta wa choo. Mtu akinitambulisha kwa wageni husema, huyu ni shemeji yake Mama Mkaguzi, basi, habari zangu zimeishia hapo. Na sasa kiti cha Mama Mkaguzi kiko wazi. Kiti cha ngozi, kinazunguka.

Mke wangu alikuwa jikoni analia. Nikampa pole. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka ofisi ya dada yake ina dirisha moja au mawili. Akanitazama. Nimekwenda kazini bila chai.

Shemeji alikuja ofisini kuchukua vitu vyake. Wiki iliyopita watu walikuwa wanasimama akipita. Leo ukumbi mzima ulikuwa mtupu, kila mtu ana jambo la haraka ghorofani. Mimi nilikimbilia chooni, ni karibu. Nikamkuta Pafyumu wa itifaki amekwisha kujificha humo. Anaitwa hivyo kwa sababu harufu yake hufika mkutanoni kabla yake. Tukasalimiana. Tukatazamana kwenye kioo, kila mmoja akichana nywele. Nikajua. Naye anakitaka kile kiti.

Jumanne, 4 Machi

Nchi imechafuka. Wabunge wa upinzani wametoka nje ya ukumbi wa Bunge kwa hasira, wakapiga kelele kwenye ngazi hadi jua lilipowazidi, wakarudi ndani. Wanasheria wametoa tamko refu mno, nimeishia ukurasa wa kwanza. Chama tawala kimesema Rais ana haki ya kumfukuza yeyote, hata wao wenyewe akipenda. Mbunge wao mmoja alisema saa nne kwamba sheria inamtaka Rais alitaarifu Bunge mwezi mzima kabla ya kumfukuza mkaguzi, tena atoe sababu. Jioni akasema alinukuliwa vibaya.

Shemeji amehamia kwetu. Alikuta kitasa cha nyumba ya serikali kimebadilishwa. Amekaa kwenye kiti changu, kile kinachotazama televisheni. Anasema yeye na wenzake wanakwenda mahakamani. Hakuiba, hakulala kazini, na anataka kuambiwa kosa lake ana kwa ana. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akipaka siagi kwenye mkate wangu.

Kumbe alikuwa anafuatilia pampu. Serikali ilinunua pampu mpya za watu wa mitaa ya juu, wale wanaoshindana na ndoo mwaka wa tatu sasa. Pampu zimefika nchini, mitaani hazijafika. Nikamshauri asijichoshe, apumzike. Akauliza apumzike mpaka lini. Nikasema mpaka apatikane mtu mwingine.

Mpango wangu ni rahisi. Waziri wetu anapenda sifa. Pafyumu ni bingwa wa sifa lakini husifu vitu vidogo vidogo: tai, viatu, kukohoa kwake. Mimi nitasifu kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Pafyumu kanitangulia! Kaandaa matembezi ya wafanyakazi wote ya kumpongeza Rais kwa uamuzi wake wa busara. Yeye kapangwa bega kwa bega na Waziri. Mimi nimepewa fimbo moja ya bango. Fimbo ya kushoto!

Bango lilikuwa kubwa kuliko akili ya aliyelishona. Tulipokata kona ya posta upepo ukaingia, nikapepesuka, kitambaa chote kikamfunika Waziri. Mimi nikaingia chini yake kumwokoa. Tukawa wawili tu humo gizani. Nikaona nafasi kama hii hairudi. Nikamwambia niko tayari kulitumikia taifa katika ngazi ya juu zaidi. Akauliza mimi ni nani. Nikasema shemeji yake Mama Mkaguzi. Nikamsikia akivuta pumzi, nikaongeza upesi kwamba hatuelewani. Akacheka.

Nje walitusubiri. Pafyumu alimpangusa Waziri vumbi kwa leso yake mwenyewe, inayonukia. Lakini alikuwa ananitazama mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata!

Katibu wa Waziri kaniita na kunieleza vizuri sana. Kelele zimezidi, magazeti yanamlilia shemeji yangu kila siku. Sasa wakimweka mtu wa nyumbani kwake, nani atasema kuna uonevu? Hata familia imeridhika. Nikamwambia imeridhika sana. Basi, kuanzia leo mimi ni Kaimu Mkaguzi Huru. Pafyumu kanipa mkono wa pongezi. Ulikuwa baridi, na nusu tu.

Madirisha ni mawili.

Nyumbani nilitafuta namna ya kuanza. Nikasema nimehamishwa chumba. Mke wangu akauliza chumba gani. Nikasema kile chenye madirisha mawili. Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka kijiko chini, akaniuliza kama najua kazi ya mkaguzi. Nikasema anakagua. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Mke wangu kamchukua dada yake wakalale chumbani. Mimi niko kwenye kochi. Miguu haitoshi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hasemi nami. Akiwa na neno anampa dada yake anifikishie, mwambie huyo chumvi iko kabatini. Nami nimekaa papo hapo, naiona chumvi.

Mama mkwe kapiga simu. Aliongea na binti zake wote wawili, nikanyoosha mkono nimsalimie, simu ikakatwa.

Jioni shemeji aliniambia, bila kuinua macho kwenye gazeti, kwamba kama nataka kufanya kazi hata ya siku moja, niwaonyeshe watu pampu ziko wapi. Ana uchungu, namsamehe. Ila wazo si baya! Magazeti yanasema hakuna hata pampu moja inayofanya kazi. Uzushi mtupu. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Waziri alipomwoza binti yake nilitumwa kupeleka viti nyumbani kwake, na nyuma ya jikoni nikaona pampu ya buluu yenye nembo ya wizara, inaunguruma vizuri kabisa, maji yanapanda hadi darini. Nikiwaonyesha waandishi hiyo, midomo yote itafungwa. Waziri atanikumbatia. Pafyumu atahamia meza ya chooni.

Nimelala kwenye kochi nikitabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Siku yangu ya ushindi. Lazima niiandike vizuri.

Nilijaza waandishi kwenye basi la wizara, sikuwaambia tunakwenda wapi. Njiani tulipita mitaa ya juu, foleni ya ndoo imezunguka hadi shuleni, nikawaomba wasitazame upande huo, habari nzuri iko mbele. Mlinzi wa Waziri aliona nembo kwenye basi akafungua geti na kutupigia saluti.

Na maji yalikuwepo! Bustani imelowa, majani yanameremeta, kijana anaosha gari la tatu, bwawa la kuogelea limejaa hadi ukingoni. Nikawapeleka nyuma ya jikoni. Pampu inaunguruma. Nikapaza sauti nikauliza nani alisema pampu za wizara hazifanyi kazi. Nikafungua bomba. Yaliruka hadi kwenye suruali yangu, nikayaacha yaruke, yaonekane.

Mwandishi mmoja, dada mwenye miwani mikubwa, akauliza hapa ni kwa nani. Nikajibu kwa fahari, kwa Mheshimiwa Waziri. Akauliza kama pampu ni hii tu. Nikamwambia asinidharau, nyuma ya banda la kuku kuna nyingine, na shambani ng'ambo ya ukuta zimo za kutosha, karibuni. Wakakimbia. Sijawahi kuona waandishi wakikimbilia habari njema namna ile. Waliandika, walipiga picha, mmoja alipiga magoti ili asome nembo. Yule dada alinishika mkono akasema nina moyo. Nikasema ni wajibu tu.

Nilipigwa picha nikinywa glasi ya maji yale. Mke wa Waziri alichungulia dirishani, nikampungia mkono. Akafunga pazia. Ana aibu, mama yule.

Jumatano, 12 Machi

Sielewi.

Magazeti yote, ukurasa wa mbele, mimi na glasi yangu. MKAGUZI MPYA AFICHUA PAMPU NYUMBANI KWA WAZIRI. Afichua! Sikufichua kitu, nilikuwa nasifu!

Nimefukuzwa saa saba mchana. Kwa redio, kama wengine. Rais hana tena imani nami. Taarifa ya Ikulu inasema mimi ni adui niliyepandikizwa na familia yangu, mtu mwenye msimamo wa hatari. Mimi! Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na msimamo, muulizeni yeyote.

Waziri yupo palepale. Kasema pampu alizihifadhi kwake zisiibwe. Chama tawala kimempongeza kwa uangalifu. Upinzani umesimama bungeni ukapiga makofi jina langu lilipotajwa. Yule mbunge aliyenukuliwa vibaya kasema, akifikiri sana, hakunukuliwa vibaya kiasi hicho.

Nilipiga simu kwenye gazeti kusahihisha. Nikamweleza yule dada wa miwani kwamba nilikuwa nampongeza Waziri, basi. Alicheka mpaka nikasikia watu wengine wanamuuliza kuna nini. Kisha akaniomba nirudie polepole, aandike.

Nilikusanya vitu vyangu. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nilijua wote wako wapi. Mlangoni nilipishana na Pafyumu, ameshika utepe wa kupimia pazia.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kasema nami! Moja kwa moja, bila mkalimani. Kaniambia karibu mezani.

Shemeji alisimama akanirudishia kiti changu. Macho yalikuwa mekundu. Alisema lile geti analijua, alizuiwa pale zaidi ya mara moja, na mlinzi aliwahi kumfungulia mbwa. Alisema alinifikiria vibaya sana, nimwie radhi. Mama mkwe alipiga simu akasema mwanangu. Mwanangu! Miaka yote tangu harusi alikuwa akiniita huyo.

Nilitaka kuwaambia ukweli. Naapa. Nilifungua mdomo kabisa. Mke wangu akaniwekea kipande kikubwa cha nyama, ikabidi mdomo ufanye kazi nyingine.

Ni jambo tamu, kuheshimiwa nyumbani. Sikujua. Nikaomba kipande kingine.

Baadaye wamama wa mitaa ya juu walikuja na ndoo zao kunishukuru. Bibi mmoja kashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kauliza sasa maji yanakuja lini. Nikasema karibuni. Aliniamini. Nikajisikia vibaya mpaka kwenye taarifa ya habari ya jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Redio imethibitisha, Pafyumu ndiye Kaimu mpya. Katika tamko lake la kwanza kasema hatakagua kitu chochote kabla ya kuambiwa.

Kesho wakaguzi waliofukuzwa wana mkutano wa hadhara uwanjani kabla ya kesi yao kuanza. Shemeji atahutubia. Nami nimeombwa niseme maneno machache, wameniweka mwisho, mahali pa heshima. Itarushwa moja kwa moja. Maana yake nini? Maana yake Rais atakuwa anasikiliza!

Nimelifikiria hili tangu asubuhi. Rais hana ubaya nami, kapotoshwa tu. Akinisikia mwenyewe, bila magazeti kuingiza mkono, atajua mimi ni mtu wa namna gani. Na kiti cha Pafyumu hakijapata hata joto.

Basi nimeandika hotuba. Nitaanza kwa kumshukuru Rais aliyeacha shughuli zote za taifa ili atufukuze yeye mwenyewe. Nitamsifu kwa kutuondolea mzigo wa kuambiwa sababu. Kisha nitamgeukia Waziri, nimpongeze kwa kuzilinda pampu za wananchi dhidi ya wananchi, tena kwa kuthibitisha bwawani kwake kwamba zinafanya kazi usiku na mchana. Hakuna mtu mwenye moyo atakayesikia sifa hizi asinirudishe kazini.

Nimemsomea mke wangu mwanzo wake. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akamwita dada yake, nikaombwa nirudie, na shemeji naye akashika ukuta. Wakaniambia nisibadilishe hata neno moja. Sijui walichokuwa wanacheka, lakini ushauri ni mzuri na nitaufuata. Nimepiga pasi shati la buluu, lile ambalo Waziri aliwahi kulisifu, na kufikia Jumatatu nategemea kuitwa Ikulu.