Moto Usiofuka Moshi katika Kiwanja Namba Kumi na Nne

Kiwanja Na. 14,
Kambi ya Ziwa Mule Ear,
Oregon.
Jumatano, mwezi wa Agosti.

Kwa Bi. Lorna Tveit,
Msimamizi wa Kambi.

Ndugu Msimamizi,

YAH: JIKO LA GESI LA KUOTEA MOTO, NA MADHARA YAKE KWANGU MIMI BINAFSI

Sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi hii ukipita na kigari chako cha takataka, ukanipungia mkono kwa furaha. Wewe u mzima. Asiye mzima ni mimi, na sababu zake nitakueleza kwa adabu zote.

Naitwa Verlin Stamper, fundi mstaafu wa kuezeka mapaa. Huu ni mwaka wa ishirini na sita kuja hapa kila Agosti na mke wangu Nadine na kaka yake, shemeji yangu Dwayne Kolb. Miaka yote hiyo mwasha moto alikuwa mimi. Hakuna aliyenipigia kura, ila kila mtu alijua. Nilipasua kuni, nikapanga vibanzi, nikawasha kwa njiti moja ya kiberiti (mwaka mmoja nilitumia mbili, upepo ulikuwa wa kishenzi), ndipo wengine wakaja na viti vyao.

Mwaka huu umebandika tangazo getini: msitu umekauka, moto wa kuni marufuku. Sina ugomvi na hilo. Msitu ukiungua sote tutakosa pa kwenda. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, umeongeza kwamba jiko la gesi lenye vali ya kuzimia linaruhusiwa. Dwayne hajawahi kusoma hata maelekezo ya hema lake mwenyewe, lakini hizo herufi ndogo alizisoma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jiko lake linawaka kwa kubonyeza. Jumapili jioni Dwayne aliinama, akazungusha kifundo, akabonyeza kitufe, paf! "Umeona, shem? Sekunde mbili!" Mkono wa pili alikuwa ameshika bia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na shoka ninalolinoa tangu Machi. Nililirudisha garini kama mtu aliyekwenda harusini siku isiyo yake.

2. Halitoi moshi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema moto usiofuka moshi uitweje, kwa sababu hawakuwahi kukutana na Dwayne. Unajua desturi yetu, Bi. Lorna: moshi ukikufuata unasema, "Nawachukia sungura weupe," nao unahamia kwa mwenzio. Babu yangu alisema hivyo, baba yangu naye vivyo hivyo. Tangu Jumapili hakuna sungura hata mmoja aliyetukanwa katika kiwanja chetu. Mila inakufa mbele ya macho yangu. Mimi mwenyewe, kwa mazoea, jana nilihamisha kiti mara nne kuukimbia moshi ambao haupo, na mara ya nne Dwayne akaniuliza mbele ya watu kama nina bawasiri.

3. Magogo yake ni ya udongo. Yamechorwa magome, yana hata vifundo, na hayapungui. Zamani gogo la mwisho likiisha, watu walilala. Sasa hakuna anayejua ni saa ngapi ya kwenda kulala. Nilipojaribu kuyachokoa kwa kijiti changu, Dwayne alinishika mkono. "Usiguse hapo, shem, utavunja." Nina miaka sitini na tisa. Sijawahi kukatazwa kuchokoa moto, hata na mama yangu, ambaye alinikataza mengi.

4. Sinuki moshi. Nikifika nyumbani nanuka sabuni, jirani yangu atadhani nilikwenda kwenye semina ya bima.

5. Hili la mwisho ndilo lenyewe, na nitaliandika taratibu. Ni mke wangu.

Kwa miaka yote hiyo, moshi wa kwanza ukipanda, Nadine alikohoa, akasema, "Haya, lala salama waungwana," akaingia kwenye trela na kufunga madirisha. Nilijua anapenda kusoma. Kila mwaka nilimletea kitabu kinene kuliko cha mwaka uliopita. Kumbe ni kifua! Jumatatu hii, akiwa amekaa nje na blanketi magotini, alisema, "Verlin, vitabu vyako sijamaliza hata kimoja. Nilikuwa nazima taa nawasikiliza mnavyocheka."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Ungeacha kuwasha moto," akasema, "na ungekuwa mtu wa kuudhi." Dwayne akasema ningekuwa mtu wa kuudhi zaidi. Nikajifuta macho, na safari hii sikuwa na moshi wa kusingizia.

Sasa haingii ndani. Na anazungumza! Jumatatu alisimulia jinsi nilivyounguza nyusi zangu zote mbili nikajichora nyingine kwa makaa ili isijulikane. Jana alisimulia jinsi nilivyoanguka kutoka paa la kanisa kwa sababu nilikuwa nampungia yeye mkono. Dwayne alicheka mpaka kiti chake kikajikunja naye akiwa ndani. Kwa miaka ishirini na mitano hadithi zote za moto ule zilikuwa zangu, na katika hadithi zangu mimi sikuwahi kuanguka.

Kwa hiyo naomba hatua zifuatazo zichukuliwe. Kwanza, kila jiko la gesi lifungwe kifaa cha kutoa moshi, hata kidogo, uelekezwe kwa mwenye jiko. Pili, kabla ya kubonyeza kitufe, mtu apasue gogo moja mbele yako, na vidole vyake vihesabiwe kabla na baada. Tatu, asiyejua kuwasha kwa kiberiti asiruhusiwe kucheka. Hayo yakishindikana, majiko hayo yapigwe marufuku kabisa, nasi tukae gizani na baridi yetu kama watu wazima. Najua hapa hata Agosti maji ya mbwa huganda. Lakini baridi haijawahi kumshinda mtu mwenye msimamo, na ikimshinda, atazikwa nao.

Najua pia kwamba ukikubali, Nadine atarudi ndani ya trela. Nimejiandaa. Nimekuja na vitabu viwili.

Naomba jibu la maandishi. Nisalimie mumeo, na mbwa wenu mwenye miguu mitatu, na yule bwana wa kiwanja namba tisa anayepuliza kinanda cha mdomo, mwambie tunamsikia. Wasalimie pia walioandika zile herufi ndogo, kama si wewe.

Wako, mwenye kijiti bado mkononi,

Verlin Stamper,
Mwasha Moto (kwa sasa hana kazi).

Nyongeza, Alhamisi alfajiri: Bi. Lorna, yote yaliyo juu uyapuuze. Naandika hapa chini kwa kuwa sina karatasi nyingine. Jana jioni Nadine alianza kusimulia siku aliyoamua kuolewa nami. Tuna miaka arobaini na moja ya ndoa na sikuwahi kuisikia. Nilidhani aliyeamua ni mimi. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko la mama yake, na mfukoni mwa aproni alikuwa na pete ya mwanamume mwingine. Pete! Ya mwingine! "Basi nikatazama barabarani," akasema, "nikamwona Verlin anakuja, amebeba..." na gesi ikaisha. Moto ukawa bluu, ukazimika. Akaona baridi, akajifunga blanketi, akasema atamalizia leo, kama kutakuwa na moto. Dwayne ananiambia mitungi iliyojaa iko nyuma ya ofisi yako, na unafungua saa mbili. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu, nami nimekalia mtungi mtupu mbele ya mlango wako. Sikulala. Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa. Fungua mapema, tafadhali, nataka kujua nilikuwa nimebeba nini.