Ahadi ya Madamu Ingrid Kikapuni

Jumatatu, 3 Machi 2025
Balaa ofisini! Ijumaa sanduku letu la barua pepe linafungwa, tunahamia jipya. Kila mtu ajihifadhie barua zake kwenye kompyuta yake. Chabani, fundi wetu, ameeleza kwamba faili la PST ni ghala lako mwenyewe, unaondoka nalo popote. La OST ni kivuli tu cha sanduku; sanduku likifungwa, nalo halifunguki tena. Fabiola ameandika kila neno. Kimbelembele! Sote wawili tunautaka ukuu wa idara. Ila mimi nina barua: mkurugenzi wa zamani, Madamu Ingrid, aliniahidi kiti hicho kabla hajaondoka. Mkurugenzi mpya, Valéry, anataka kuona vithibitisho Ijumaa. Miaka kumi na moja nakingoja kiti hiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimemnong'oneza Fabiola kwamba OST inatosha, abadilishe tu herufi za mwisho za jina ziwe PST. Akanishukuru, akaninunulia sambusa mbili. Nimezila. Kisha nikaificha barua yangu. Nimegundua mahali panaitwa Corbeille, yaani kikapu. Kwetu zawadi za harusi hutiwa kwenye kikapu chenye kifuniko, na hakuna anayethubutu kukichokora. Kumbe watu wa kompyuta nao wana adabu!

Jumatano, 5 Machi
Chabani amekuja kunitengenezea PST. Akauliza kama kuna kitu ninachohitaji mle Corbeille. Jasusi wa Fabiola huyu! Nikamjibu kwamba apana, hakuna kinachomhusu. Akabonyeza mara mbili, akasema sasa faili limekuwa jepesi. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika. Nimefungua PST yangu mbele ya Valéry: barua elfu sita, matangazo ya vikao na pole za misiba. Ya Madamu Ingrid hakuna! Nikasema iko kwenye kikapu. Chabani akasema kikapu hicho ni cha takataka, alikimwaga Jumatano. Akajitetea: "Mi nilikuuliza, we ukasema apana." Valéry akacheka mpaka akavua miwani. Fabiola hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Kumbe alimuuliza Chabani kuhusu ile OST kabla ya kugusa chochote. Akafungua EML yake, faili la barua moja tu. Madamu Ingrid alimwahidi kiti kilekile. Siku ileile. Maneno yaleyale, hata lile "mpendwa". Miaka kumi na moja! Kiti amepewa yeye. Namchukia, na Madamu Ingrid namchukia zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Valéry ameniandikia kwamba nafasi nyingine ikitokea, nitafikiriwa. Nitafikiriwa! Fabiola, mkuu wangu sasa, amenishauri niichapishe barua hiyo kwenye karatasi. Ananiona mjinga. Nimeiweka kwenye Indésirables, yaani zisizotakiwa, pamoja na barua za matapeli. Mwizi gani atatafuta dhahabu huko? Chabani anadai za huko hujifuta zenyewe baada ya siku thelathini. Wivu tu.