Nazmi Asiyefuga Njiwa

Jumamosi, 3 Juni

Iandikwe, na mbingu zote saba zisikie: leo saa kumi na moja na robo jioni, njiwa jike wa Abu Shihab, mweupe mwenye kichwa cheusi kama mjane mwenye kilemba, ametua kwenye paa langu kwa hiari yake mwenyewe. Sikumwita. Nilipiga mluzi tu. Na kutikisa kitambaa. Na kumwaga mtama. Wavu ulimwangukia wenyewe.

Sheria ya mapaa ya Amman inajulikana tangu enzi za babu: akitua, akikamatwa, ni wako. Abu Shihab, jirani wa ng'ambo ya ngazi za mtaa, anaijua vizuri mno. Mwaka jana kaitumia kwangu mara tano. Leo kaisahau. Kasimama juu kwake anapayuka kwamba mimi ni mwizi, mtoto wa mwizi. Nikamjibu kwa adabu kwamba sijaona njiwa yeyote. Njiwa alikuwa kwapani.

Habari nyingine, ndogo: dada yangu Nawal, anayekaa ghorofa ya chini yangu, kasema bintiye Rima anafungishwa ndoa Alhamisi ya tarehe 15. Rima kataka shahidi wake niwe mimi. Si mtu mwingine. Alifiwa na baba akiwa na miaka saba. Aliyemshika mkono kumpeleka shule ni mimi. Nikaingia bafuni nikakaa kidogo. Vumbi la manyoya linawasha macho.

Jumatatu, 5 Juni

Nimekataliwa! Sheikh Mundhir, atakayefungisha ndoa, kasema wazee waliotangulia hawakupokea ushahidi wa mfuga njiwa. Eti kutwa yuko juu anachungulia nyua za watu, na akikamata njiwa wa mwenzake anaapa hajamwona. Nikauliza, kwa uchungu wa kweli, nani kamwambia mimi nafuga njiwa. Kasema Abu Shihab.

Hapo nikamkaba! Nikamwambia Abu Shihab mwenyewe ni mfuga njiwa. Ushahidi wake haupokelewi. Kwa hiyo haijathibitika kwamba mimi nafuga njiwa. Sheikh akatafakari. Akauliza nimejuaje kwamba Abu Shihab anafuga. Nikasema namwona kila siku nikiwa kwenye paa langu. Akauliza kila siku kwenye paa langu nafanya nini.

Nikaaga.

Nafasi yangu atapewa daktari wa meno wa ghorofa ya kwanza. Mtu anayemjua Rima kwa magego mawili!

Alhamisi, 8 Juni

Rima kaniletea makluba, wali wa nyama wa kupinduliwa sahanini. Anasoma fizikia chuo kikuu, mwaka wa tatu. Nikamuuliza kuna nini kipya huko mbinguni. Kasema wapo wataalamu wanaodhani ulimwengu wetu si peke yake. Kwamba jambo linaloweza kwenda njia mbili huenda zote mbili, kila njia na ulimwengu wake. Wapo pia wanaosema hizo ni hesabu za karatasini, hakuna aliyeona kitu, na huenda asione milele. Hii sehemu ya mwisho sikuisikiliza sana.

Nilikuwa nimeshaelewa! Kama ni hivyo, mahali fulani yupo Nazmi asiyefuga njiwa. Mtu safi. Bega la koti lake halina doa jeupe. Basi huyo ndiye atakayesaini. Rima akacheka mpaka chai ikampalia. "Mjomba, huyo hawezi kuvuka kuja huku!" Nikamkumbusha kwamba yeye bado yuko mwaka wa tatu.

Akaacha kucheka. Akasema hamtaki daktari wa meno. Akasema nifanye nitakavyo, nivuke ninakovuka, lakini Alhamisi ile niwepo.

Mchana kutwa moyo hautulii. Kama huko kwingine mimi sifugi, njiwa wangu huko wako na nani? Isije ikawa ni Abu Shihab!

Jumamosi, 10 Juni

Nimempelekea Sheikh nadharia yote, pamoja na nusu kilo ya kunafa, ile tamutamu ya jibini na shira. Nikamwambia yeye mwenyewe kila sala anamsifu Mola wa walimwengu wote. Wote! Si mmoja! Na katika mmojawapo yupo Nazmi mwenye sifa kamili za shahidi. Sheikh akala kunafa bila haraka. Akasema na Nazmi huyo hana ugomvi hata kidogo. Aje tu na kitambulisho chake.

Halafu akapangusa vidole, akalegea. Kasema mlango wa toba uko wazi. Nikiondoa njiwa wangu wote na kuapa mbele yake, atanipokea.

Kunafa ilisaidia kuliko nadharia. Lakini nadharia ilitangulia.

Jumatano, 14 Juni

Nimetubu.

Njiwa arobaini, kreti nane, wote Madaba, nje ya Amman, kwa binamu yangu Hilal mkulima. Nimempa kama zawadi mbele ya Sheikh, kwa sauti ya kutetemeka. Kisha pembeni nikamnong'oneza Hilal awafungulie kesho saa kumi na mbili jioni, ndoa ikiwa imekwisha. Njiwa akifunguliwa hurudi alikozoea. Ni maumbile hayo. Mimi nani niyazuie?

Jike mweupe sikumpeleka. Angefunguliwa angekwenda kwa Abu Shihab, msaliti yule. Yuko bafuni. Nikaapa kwamba hakuna njiwa wangu ndani ya nyumba hii. Kweli tupu! Wangu wako Madaba. Wa bafuni ni wa Abu Shihab. Nilimrudishia umiliki kwa muda wa kiapo.

Sheikh kaandika jina langu. Rima kanibusu kichwani. Kasema, "Nilijua hutaniangusha, mjomba."

Alhamisi, 15 Juni

Suti. Saa kumi kamili, sebuleni kwa Nawal, dirisha wazi. Shahidi wa upande wa bwana harusi akasaini. Sheikh akanipa kalamu. Rima ananitazama vilevile kama siku ile ya kwanza ya shule, mlangoni.

Nikasikia mbawa.

Hilal! Kawafungulia saa tisa! (Nimempigia simu baadaye. Kreti alizitaka kwa nyanya.) Arobaini wangu wanazunguka juu ya nyumba, hakuna wa kuwapokea. Kisha mluzi. Si wangu. Abu Shihab juu kwake, na kitambaa, na mtama!

Nawal akaninong'oneza, meno yamekazana, kwamba nikithubutu kuinuka nisimwite dada tena.

Nikafikiri haraka, kisayansi. Jambo lenye njia mbili huenda zote mbili. Yupo Nazmi anayesaini. Yupo Nazmi anayepanda ngazi. Kwa hiyo suala la kusaini lilikuwa limeshashughulikiwa. Nikamwachia mwenzangu.

Nikapanda mbio. Kalamu mkononi.

Ijumaa, 16 Juni

Niliowaokoa: thelathini na wanane. Abu Shihab kaniibia wawili, mbwa yule. Na jike mweupe kaenda zake. Nawal alipanda kunitafuta, akafungua mlango wa bafuni, akafungua na mdomo. Sasa mtaa mzima una habari.

Rima naye alipanda jana, na gauni lake. Nilidhani kaniletea kunafa. Kasema, "Mjomba, nipe kalamu ya Sheikh." Nikampa. Nikamfafanulia kwa upole kwamba upo ulimwengu ambamo nimesaini, tena kwa mwandiko mzuri, na kwamba yeye kama mwanafizikia anapaswa kufurahi. Kasema yeye kaolewa katika huu. Akashuka.

Mwaka wa tatu, jamani. Bado hawajafundishwa.

Hata hivyo, sherehe yenyewe ni Agosti, ukumbini, na Abu Shihab kaalikwa. Yaani paa lake litakuwa tupu saa nne nzima! Nitakwenda, nitaonekana, nitapiga picha moja, kisha nitamwachia Nazmi mwingine kiti. Rima hatatambua. Nimeshaanza kushona wavu mpana zaidi.

Leo nilipita kwa Nawal kuazima uzi. Hakunijibu salamu. Cheti cha ndoa kilikuwa mezani.

Shahidi wa pili ni daktari wa meno.